Maporomoko ya theluji Rwenzori: hofu yako ihamishie kwenye nyufa

Ndugu, umeuliza kama Margherita, kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori (mita 5,109), kuna maporomoko ya theluji kama ya Alps, na kama ukodi kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa. Kwa njia ya kawaida kutoka Elena, kibanda cha mwisho cha wapandaji, hela hiyo itie kwenye kamba na buti nzuri.

Poromoko kubwa linataka mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, bamba la theluji iliyoshikana, na tabaka legevu chini yake. Kwenye baridi kali ya Ulaya tabaka hilo hukaa wiki kadhaa. Huku ikweta jua huyeyusha mchana, usiku hugandisha, na theluji hushikana upesi. Cha kuogopa ni saa za mwanzo tu: theluji mbichi iliyoangukia barafu ngumu, hasa upepo ukiirundika upande mmoja wa ukingo. Haihitaji kukufukia, inatosha ikuzoe hadi kwenye mwamba. Imeanguka nyingi usiku? Subirini siku moja.

Nyufa za barafu, yaani mipasuko mirefu yenye kina, ndizo hatari yenyewe. Theluji hiyo hiyo huziba midomo yake, ukadhani ni uwanja. Choma kwa mpini wa sururu ya barafu kabla ya kukanyaga: ukigoma kidogo kisha ukazama ghafla, chini kuna uwazi. Vuka ufa kwa kuukata, msitembee kuufuata urefu wake, maana mnaweza kuwa juu yake nyote. Watu 3 kwenye kamba, mita 10 hivi kati yenu, bila kushika mizunguko ya kamba mkononi. Kamba ikilegea, anayetumbukia anashika kasi kabla haijamkaza, naye anawavuta. Mkiwa 2, ongezeni umbali na mfunge mafundo katikati. Fundo hukwama kwenye mdomo wa ufa.

Saa nayo. Ondokeni Elena (mita 4,541) saa 8 au 9 usiku. Mtavuka Stanley Plateau, uwanda wa barafu, mshuke miamba, ndipo mpande barafu ya Margherita. Saa 6 mchana iwakute mmeshatoka barafuni: vifuniko vya nyufa vimelainika, mawe yaliyoshikwa na barafu yanaachia, na ukungu huweza kufuta nyayo zenu.

Ramani ya simu ya miaka ya nyuma usiitegemee. Barafu ya Rwenzori ilikuwa kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906. Kufikia 2003 ilibaki chini ya 1. Njia inahama kila mara, kwa hiyo muulize mwongozaji wa Kikonzo (wenyeji wa milima hii) aliyepanda majuzi.

Gambuti ni za matope ya Bigo, kinamasi cha njiani, tu. Kramponi, meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, haishiki kwenye soli inayopinda, itachomoka mahali pabaya kabisa. Theluji laini ikiganda chini ya meno yake, igonge kwa mpini kila hatua chache. Na miwani myeusi vaa hata kukiwa na mawingu.