Kolaji ya picha zinazopandana: acha maungio yaonekane

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za soko la Mwanjelwa ukiziingiza kwenye programu ya simu zinatoka panorama moja ndefu, laini, wakati wewe ulitaka zile kolaji ambazo kila picha inabaki na kingo zake na zimepandana. Niko hapa hapa Mbeya na kazi hii naipenda sana, ngoja nikueleze ninavyofanya.

Programu ya panorama kazi yake ni kufuta maungio. Inatafuta vitu vinavyofanana kwenye picha mbili, inazipinda hadi zilingane, halafu inachanganya rangi pale zinapokutana. Unachotaka ni kinyume chake, kwa hiyo achana nayo, upange kwa mkono. Aliyeipa kazi hii umaarufu miaka ya 1980 ni David Hockney, mchoraji wa Uingereza. Kolaji yake ya njia panda ya jangwani California, ya Aprili 1986, ina picha zaidi ya 700, na hakusimama mahali pamoja: kibao cha barabarani alipanda ngazi akakipiga kwa karibu. Ndiyo maana ukiitazama unajiona unatembea ndani yake.

Asilimia kubwa ya kazi iko kwenye kupiga. Gusa skrini ushikilie mpaka mwanga na fokasi vijifunge, la sivyo simu itafifisha kila picha yenye mbingu na kung'arisha kila yenye udongo. Lenzi pana usiitumie, inapinda kingo. Kila picha iingie kwenye mwenzake kama theluthi moja. Na piga haraka, maana wingu likishuka kutoka mlima Loleza rangi zote zinabadilika.

Sasa watu. Hapa ndipo kolaji inaipita picha moja kwa mbali. Kuna mama anauza viazi pale sokoni. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, nikamwonyesha kwenye simu nilichokuwa nakifanya, naye akaendelea kupima. Kwenye kolaji mikono yake ipo mara tatu: kisado kitupu, kisado nusu, kisha viazi vimepita ukingo na kiganja chake kimevizuia visiporomoke. Mnunuzi anaonekana uso kwenye picha moja na mgongo kwenye nyingine, ameshageuka kuondoka. Biashara nzima umeiona.

Kwenye kompyuta natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure. Punguza kwanza kila picha iwe na upana wa pikseli 1,200 hivi, kompyuta ya RAM ndogo isikwame. Tengeneza karatasi tupu kubwa, kisha fungua picha zote kama leya, yaani tabaka zinazokaa moja juu ya nyingine. Anza na ile yenye uhai zaidi, iweke katikati. Inayofuata ipunguzie uzito (opacity) ionekane nusu, uisogeze mpaka kitu kimoja, tuseme nguzo ya kibanda, kikae juu ya nguzo mwenzake, kisha uirudishie uzito wake. Hazitalingana kila mahali. Usihangaike, linganisha pale jicho linapotua, kwingine acha zipishane. Zungusha kidogo pale tu kitu chenyewe kinapodai. Kivuli chembamba chini ya kila picha kinatosha kuonyesha ipi iko juu.

Kipi kiwe juu ndilo swali la kukaa nalo. Mimi mikono na nyuso nazipandisha juu, mapaa na anga yanakwenda chini. Ukibadilisha mpangilio wa leya tu, bila kusogeza chochote, unapata kolaji nyingine kabisa.

Hifadhi faili la XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, lenye leya zote, kisha toa nakala ya JPEG. Kama unataka kuchapisha A3 safi, karatasi yako iwe pikseli 4,961 kwa 3,508 tangu mwanzo. Weka hapa hizo za Mwanjelwa, hata kabla hujazipanga, tuone ipi ikae katikati.