Mtoto Akisema "Nimeelewa" na Kumbe Bado

Niliwahi kumuuliza mtoto mbele ya darasa zima, "Nikueleze mara ngapi?" Alikuwa amesimama na daftari lake, pembe zimekunjika kwa kushikwa sana. Hakujibu. Wenzake wakacheka, nami sikuwanyamazisha. Tangu siku hiyo kila nilipomuuliza kama ameelewa aliitikia haraka, "Ndiyo, mwalimu." Zilipita wiki kadhaa ndipo nikatambua kwamba ile "ndiyo" ilikuwa ngao. Alikuwa akijikinga nami.

Kilichonichoma ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimesali, nikamwomba Mungu anipe upendo kwa watoto wangu.

Habari iliyonisaidia niliikuta katika Marko 8, pale Yesu anapomponya kipofu wa Bethsaida. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuiona kwa jicho la mwalimu. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, mbali na macho ya watu. Anaweka mikono juu yake, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Na yule mtu anasema kweli: "Naona watu kama miti, inakwenda." Yaani bado. Yesu hamkemei wala hamuulizi kwa nini wengine waliona mara moja. Anaweka mikono tena.

Mwanafunzi wangu alikuwa anaona miti, ila hakuthubutu kuniambia.

Basi nilianza na lile la kumtoa nje ya kijiji. Niliacha kumsomesha kwa sauti kwa kushtukiza. Nilimpa aya fupi siku moja kabla, aifanyie mazoezi, ndipo kesho yake nimwite. Makosa yake nilimsahihishia mezani pake, nikiwa nimeketi, kwa sauti isiyofika dawati la tatu. Kuketi kuna maana kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto anayeinamiwa na mtu mzima huangalia uso wa huyo mtu, haangalii herufi. Na kwa kuwa nilimwaibisha hadharani, nilimwomba radhi hadharani. Lilikuwa jambo gumu. Sikuwahi kumwona mwalimu akilifanya nilipokuwa mwanafunzi.

Halafu kuna suala la kunyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe wa Marekani alilichunguza katika miaka ya 1970, akaona kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumrukia mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliodhaniwa wazito nao wakaanza kuchangia. Jaribu kuhesabu kimoyomoyo. Utashangaa jinsi sekunde 3 zilivyo ndefu, na jinsi ulivyozoea kumnyima mtoto hata hizo. Paulo anapoandika kwamba upendo huvumilia, mimi sasa naanzia hapo, kwenye sekunde 3.

Kabla hujamwita mtoto mvivu, hakikisha anaona ubao na anasikia sauti yako. Mhamishie mbele, uone kama kuna tofauti. Wapo pia wenye disleksia, hali inayofanya kusoma na kutahajia kuwe kugumu hata kwa mtoto mwenye akili kali, na kumwongezea kelele hakumsaidii. Mwalimu si daktari. Kazi yako ni kutambua mapema, kuzungumza na mzazi na kumwelekeza kwa mtaalamu. Ukimwita mzazi, anza na jema moja ulilolishuhudia kweli kwa mwanawe. Wazazi wa watoto hawa wamezoea kuitwa kwa mashtaka tu, nao huja wakiwa wameshajifunga mioyo.

Simaanishi ulegevu. Mtoto akivuruga darasa azuiwe, na kazi aliyopewa aimalize, hata kama ni sentensi mbili wakati wenzake wanaandika kumi. Lakini zisahihishwe sentensi, asisahihishwe yeye. Neno "mjinga" lisitoke kinywani mwa mwalimu anayemkiri Kristo, hata siku ambayo amechoka kabisa. Siku za namna hiyo zipo. Mimi hutoka mlangoni kidogo, navuta pumzi, nalitaja jina la mtoto mbele za Mungu, narudi.

Kijana wangu hakuwa msomaji hodari mwaka ule. Muhula wa mwisho alisoma aya nzima, kidole chini ya mstari, akakwama mara tatu. Mara ya tatu aliinua uso akanitazama, akasema bila woga, "Mwalimu, hili silijui."

Nikasogeza kiti changu karibu.