Honda iliyotumika, nati ya oili ishaguswa

SWALI: Asalaam aleikum fundi, nipo Wete. Nimeoneshwa honda (pikipiki) ya 125, bei nzuri, ila mwenyewe kasema uzi (ile mikato ya kukazia) wa nati ya kumwagia oili ulikufa ikatengenezwa. Niichukue?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Kakwambia mwenyewe, si haba, wengine wanapaka gundi wananyamaza. Sasa muulize imetengenezwaje, maana tumbo la injini ni aluminiamu na nati ni chuma, fundi akikaza kwa nguvu za kuvutia ngalawa aluminiamu ndiyo inayokufa, na kama wametia uzi mpya wa koili (waya wa kujisokota unaopachikwa tunduni) au nati nene kidogo hamna neno, hata yangu hivyo hivyo mwaka wa ngapi huu, lakini ikiwa ni gundi ya chuma, oili ukitaka kubadilisha utaimwagia wapi? Ifute nati kavu, iwashe honda mpaka ipate moto, tandika boksi chini, nenda kanywe kahawa. Ukirudi boksi lina doa, dai punguzo au ondoka zako. Akikubali amwage oili mbele yako utazame kama ina chengachenga za chuma, na ukishaimwaga, ile pete ya nati (washa) tia mpya, ni kitu cha bei ndogo tu.