Kwa nini viwanda vya Stuttgart havikimbilii vibarua wa bei rahisi

Ndugu zangu, kila tukiongea mnaniuliza: kama fundi wa Ujerumani analipwa vizuri hivyo, ana likizo ya siku 30 na akiugua mshahara unaingia, mwenye kiwanda anapata faida wapi?

Wapo waliohamisha viwanda, siwafichi. Lakini huku jimbo la Baden-Württemberg, ulipo mji wa Stuttgart, kiwandani kwetu tunakereza vipuri vya magari, na ukikosea sehemu moja ya mia ya milimita kipande kinatupwa. Mzee ninayefanya naye zamu aliingia hapo kama mwanagenzi, akajifunza kazi miaka mitatu na nusu huku analipwa, na hajaondoka. Akisikia mlio wa mashine umebadilika anaizima mwenyewe, haombi ruhusa kwa mtu, anabadilisha kisu, anapima upya. Mtu wa namna hiyo humpati kwa mkataba wa miezi mitatu, na ni kwa ajili yake mteja anakubali bei yetu. Mambo haya hayakuanza jana. Robert Bosch, mwanzilishi wa kampuni ya Bosch, aliweka siku ya kazi ya saa 8 kiwandani kwake Stuttgart mwaka 1906.

Ila msidhani Ulaya yote ni hivyo. Mimi nilianzia ghalani kupitia wakala wa ajira: kima cha chini cha sheria, ratiba ya kesho inatumwa usiku kwenye simu, sura mpya kila wiki. Mizigo ilikosewa anwani kila siku, na bosi akaongeza wasimamizi badala ya kuwapa watu sababu ya kubaki. Nchi ileile, sheria zilezile.

Sasa hivi hata kiwandani tuna hofu. Gari la umeme halihitaji vipuri vingi kama la injini, na kampuni kubwa za hapa zimetangaza kupunguza watu. Kwetu baraza la wafanyakazi limekaa na mwajiri, wakakubaliana kwanza kupunguza saa na kutufundisha kazi nyingine.

Ndiyo maana inaniuma nikisikia mtu anawaita wawekezaji wa EPZ, yaani maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje, iwe Mabibo Dar es Salaam au Athi River Kenya, kwa kuwasifia vibarua wa bei nafuu. Bei nafuu ipo Ethiopia, ipo Bangladesh. Aliyekuja kwa ajili hiyo ataifuata huko.

Na wewe mdogo wangu unayetaka kuja: piga Kijerumani mpaka kiwango cha kati cha B1 angalau, tafuta nafasi ya uanagenzi. Ukiona mwajiri kwenye mkataba ni wakala, usisaini kabla hujanitumia niusome.