Taa ya machungwa kwenye NAS: nakili kwanza, diski ubadilishe baadaye

Mkuu, umeuliza mawili. NAS yako ya studio (kisanduku cha diski kinachohifadhi mafaili kupitia mtandao) yenye diski mbili za TB 4, RAID 1 (diski mbili zenye nakala ileile), imewasha taa ya machungwa: je, uchomoe diski mbovu uweke mpya leo leo? Na kama RAID 1 tayari inaandika kila kitu mara mbili, bakapu nyingine ya nini? Naanza na la kwanza maana ndilo la dharura.

Usichomoe kitu kwanza. Hivi sasa picha zote za wateja wako ziko kwenye diski moja tu. Ukiingiza mpya, NAS itaisoma hiyo iliyobaki mwanzo hadi mwisho, saa nyingi mfululizo, na kama kawaida ya watu wengi, ulizinunua zote siku moja. Zimekula joto lilelile na kukatikiwa umeme pamoja. Ya pili ikizima katikati ya kazi, utabaki mikono mitupu.

Nunua diski ya nje ya USB 3, nakili vyote humo, ndipo ubadilishe. Hizo TB 1.5 ulizosema zitachukua saa nne au tano kama faili ni kubwa. Vijifaili vingi vidogo vitakuchelewesha zaidi. Usiiache diski hiyo kwenye FAT32 (muundo wa zamani wa kuumbiza diski), kwa sababu faili linalozidi GB 4 halikubaliki humo na video zako za harusi zitagoma. Siku ya kubadilisha, soma kwenye ukurasa wa NAS namba ya utambulisho (serial) ya diski iliyokufa, ulinganishe na lebo ya diski yenyewe. Nimeshaona fundi anachomoa nzima anaiacha mbovu.

La pili. RAID inakukinga na diski kufa, basi. Kijana wa ofisini akifuta folda, inafutika kote kuwili sekunde hiyohiyo. Aprili 2021 kirusi cha Qlocker kiliingia kwenye NAS za kampuni ya QNAP na kufungia mafaili ya watu ndani ya 7-Zip yenye nywila, kisha wakadaiwa fedha. Juni mwaka huohuo diski za mtandao za WD My Book Live nyingi zilifutwa kwa mbali kupitia intaneti. Hazikuwa zimepata sasisho tangu 2015. RAID haina la kufanya hapo. Kwa hiyo usifungue poti za ruta ili uione NAS ukiwa nyumbani, tumia VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali). Snapshoti (kumbukumbu za mafaili yalivyokuwa saa fulani) nazo ziwashe kama NAS yako inazo, zinaokoa sana faili lililofutwa kwa bahati mbaya, ila zinakaa kwenye diski zilezile.

Wengi hapa watakushauri upeleke kila kitu kwenye wingu. Piga hesabu kwanza: kwa kasi ya kupakia ya Mbps 10, TB 1.5 ni wiki mbili usiku na mchana. Mimi ningechukua diski mbili za USB, moja inakaa ofisini, nyingine nyumbani, zinabadilishana kila Ijumaa. Wingu libaki kwa mahesabu na mikataba.

Halafu kuna kurejesha, ambako ndiko watu wanaumbuka. Programu kuandika "imekamilika" kwa kijani hakunitoshi. Kwa wateja wangu huchagua folda moja ya zamani, nairejesha kwenye folda mpya (kamwe si juu ya ile iliyopo), nafungua picha kadhaa za RAW (picha ghafi za kamera) na kuzikuza hadi mwisho, kisha nafungua faili la mahesabu kwenye programu yake. Ukitumia Hyper Backup, programu ya bakapu ya NAS za Synology, kumbuka kwa kawaida haihifadhi mafaili kama yalivyo, ina muundo wake. Weka Hyper Backup Explorer, programu ya kuufungua, kwenye kompyuta yako mapema ili NAS ikifa usianze kuhangaika. Na ukifunga bakapu kwa nywila, iandike karatasini pamoja na kuhifadhi lile faili la ufunguo wa kuifungulia nje ya NAS. Nimekuta ofisi yenye bakapu safi kabisa, nywila yake iko kwenye faili la Excel, na Excel yenyewe iko ndani ya NAS hiyohiyo.

Ukishanunua diski, weka hapa modeli ya NAS na useme kama volyumu (eneo la kuhifadhia mafaili) imeumbizwa kwa Btrfs au ext4, nikuelekeze namna ya kuumbiza diski hiyo na kupanga ratiba.