Machicha na chupa havilali ndoo moja

Masika haya, hapa kwetu Zanzibar, nimeulizwa habari za taka kuliko jambo jengine lolote, na si ajabu. Mvua ikipiga siku mbili mfululizo, kila tulichokitupa nyuma ya nyumba kinarudi mlangoni. Nimechagua maswali sita, nimeyafupisha, na nayajibu kama ninavyojibu nikikaa barazani na majirani zangu.

*Nyumba yetu ina watu tisa na uwanja mdogo. Gari la taka linapita siku linapotaka. Mfuko ukikaa siku mbili unanuka na nzi wanajaa. Nifanyeje? (Mama, Kwamtipura)*

Dada yangu, hebu ufungue huo mfuko uutizame. Utakuta maganda ya muhogo, machicha ya nazi, maganda ya ndizi, vichwa vya samaki na wali uliolala. Katikati yake zimo chupa mbili za maji, kopo la maziwa na karatasi. Kinachonuka ni hivyo vya mwanzo tu. Chupa hainuki. Lakini ikishalala na machicha siku mbili imekuwa uchafu, hakuna wa kuinunua. Na machicha yakishachanganyika na vipande vya nailoni hayafai hata kwa kuku. Vilikuwa vitu viwili vya maana, tukaviharibu kwa kuviweka pamoja.

Kwa hiyo weka ndoo mbili jikoni, moja ya vibichi, moja ya vikavu. Waoneshe watoto kwa siku chache, watashika upesi kuliko sisi wakubwa. Ndoo ya vikavu inaweza kukaa wiki mbili bila kumsumbua mtu, gari lipite lisipite.

Vibichi vifanye mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza. Chukua ndoo kuukuu ya lita 20, itoboe chini na ubavuni kwa msumari wa moto, iweke kivulini juu ya matofali mawili. Tandika chini majani makavu ya mwembe au makumbi yaliyochanwachanwa. Kila ukimwaga kibakuli cha maganda, funika kwa vibakuli viwili vya majani makavu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea hapohapo: ndoo yangu ya kwanza niliijaza maganda matupu, ikatoa harufu ya yai viza hadi jirani akaja kuniuliza kulikoni. Vibichi vikibanana vinakosa hewa, na bila hewa vinavunda badala ya kulainika. Majani makavu ndiyo yanayoacha nafasi ya hewa kupita.

Kila wiki igeuze kwa kijiti au mwiko wa zamani. Chukua konzi moja uiminye: likitoka tone moja au mawili ni sawa. Yakichuruzika maji, ongeza makavu. Ikimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Kwa joto letu, baada ya miezi miwili mpaka mitatu utakuta kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama udongo baada ya mvua. Tia kwenye mchicha, mpilipili au mpapai wako.

Vichwa na matumbo ya samaki usitie humo, vitakuitia paka na panya. Vichimbie shimo la dhiraa moja pembeni mwa mgomba, ufukie vizuri na uweke jiwe juu. Machicha, ukiwa na jirani mwenye kuku, mpelekee asubuhi yakiwa bado hayajachacha.

*Nimemlipa kijana wa gari la ng'ombe miezi mitatu achukue taka zangu. Juzi nimeona mfuko wangu, naujua kwa fundo lake, umo kwenye mtaro. (Baba, Jang'ombe)*

Kaka, yalinifika hayohayo miaka ya nyuma, na nilikasirika mno. Nilipotulia nikajiuliza: kwa siku zote hizo nilimlipa, sikuwahi kumuuliza anapeleka wapi. Taka za wilaya za Mjini na Magharibi zinatakiwa zifike dampo la Kibele, nje ya mji, na Kibele si safari ya ng'ombe. Mwenye gari la ng'ombe anachoweza ni kufikisha kwenye kontena au kituo cha kukusanyia cha baraza la manispaa. Basi nenda kwa sheha, uulize kituo cha mtaa wenu kiko wapi na ni nani waliosajiliwa kukusanya. Kisha mwambie kijana wako utamlipa akishafikisha pale. Mkikubaliana nyumba kumi hivi kumlipa kwa mtindo huo, atakuwa na kipato cha kumtosha na hatakuwa na sababu ya kukimbilia mtaroni.

Huo mfuko kwenye mtaro usiudharau. Mtaro ukiziba, maji ya mvua yanaingia vyooni, yale ya vyooni yanatoka nje, na kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Tuliouguza watu katika mlipuko wa 2015 na 2016 hatujasahau.

*Sisi tumezoea kuchoma jaa nyuma ya nyumba. Wazee wetu walichoma na waliishi miaka mingi. Kuna ubaya gani leo? (Mzee, Makunduchi)*

Shikamoo mzee wangu. Wazee walichoma kweli, lakini walichoma nini? Jaa la zamani lilikuwa na majani, makumbi, pakacha lililochakaa na miba ya samaki. Hata lisingechomwa, ardhi ingelila. La leo lina chupa, nailoni, vipande vya mabomba na maganda ya nyaya za umeme. Mabomba na maganda hayo yakiungua kwa moto mdogo wa uwanjani hutoa sumu inayoitwa dioksini, ambayo hukaa miaka kwenye udongo na kwenye mafuta ya wanyama. Kuku anadonoa majivu, mjukuu anakula yai.

Na kuna jambo ambalo nyinyi wa maweni mnalijua kuliko mimi. Jiwe letu ni matumbawe ya kale, limejaa matundu na mapango. Kwenu mvua haifanyi mto, inazama moja kwa moja, na udongo wa juu wa kuichuja ni mwembamba sana. Kinachomwagwa jaani leo kina njia fupi ya kufika kisimani. Majani choma ukipenda, ingawa mimi ningeyafanya mboji. Plastiki usichome kabisa.

Makumbi nayo nakuomba usiyatie moto. Kina mama wa pwani ya kusini wanayafukia mchangani maji ya bahari yanapofika, baada ya miezi wanayafukua, wanayaponda na kusokota kamba. Ulizia mtaani, atapatikana wa kuyachukua.

*Nataka kuanza kukusanya chupa za maji niuze. Nianzie wapi? (Kijana, Chake Chake)*

Mdogo wangu, kabla ya kuokota chupa hata moja mtafute mnunuzi, umuulize anataka ipi na kwa kilo anatoa ngapi. Wanaonunua vyuma chakavu mara nyingi wanajua nani ananunua plastiki. Mzigo wa Pemba unavuka bahari ndipo uwe na maana, na nauli inakula faida, kwa hiyo usafi na ukubwa wa mzigo ndio vitakavyokulipa.

Geuza chupa utizame kitako chake. Utaona pembetatu ndogo ya mishale yenye tarakimu 1 ndani, ndiyo namba ya aina ya plastiki. Kifuniko ni plastiki nyengine, kwa kawaida namba 2 au 5. Ukitaka kuamini, kata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko, vitie kwenye ndoo ya maji: cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Zikiyeyushwa pamoja zinaharibiana. Basi vua vifuniko uviweke gunia lake, bandua karatasi, suuza, kisha kanyaga chupa ilale. Gunia la chupa zisizokanyagwa ni gunia la hewa.

Makopo ya soda yasiyoshikwa na sumaku ni alumini, usiyaache. Kuyeyusha alumini iliyotumika kunakula takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa mpya kwenye mawe, ndiyo maana haikosi mnunuzi.

*Pampasi za mtoto nizitupe wapi? Shimo la choo limeanza kujaa. (Mama mdogo, Fuoni)*

Si chooni, mwanangu, wala si motoni. Ndani yake mna unga unaonyonya maji na kuvimba, ndio unaojaza shimo lako. Kinyesi kimwage chooni, pampasi ikunje, ifunge, iende na taka za gari. Mchana mtoto akiwa nyumbani mvalishe nepi za kitambaa. Pampasi iwe ya usiku na ya safari. Utapunguza taka na matumizi.

*Kila mwezi nawapeleka wanafunzi kusafisha pwani. Mwezi unaofuata tunakuta taka zilezile. Watoto wanakata tamaa. (Mwalimu wa skuli, Wete)*

Mwalimu, watoto wako wana haki ya kuchoka, kwani wanafanya kazi isiyowapa jibu. Wape kazi ya kujua. Nenda na magunia matano: chupa, ndara, kamba na nyavu, nailoni, na mengineyo. Baada ya kuokota, wahesabu na waandike kwenye daftari, tarehe na upepo uliokuwa ukivuma, kusi au kaskazi. Baada ya miezi michache daftari litawaambia kipi kimeletwa na bahari kutoka mbali na kipi kimetoka mtaa wa juu yao. Cha mtaani kina mwenyewe: wapeleke daftari kwa sheha na baraza la mji, wasomewe hesabu na watoto wenyewe.

Wahadithie pia habari ya Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki na kufunikwa kwa ndara 30,000 zilizookotwa fukweni, likasafiri mwaka 2019 likatia nanga hapa Unguja. Watoto wakilisikia hilo, gunia la ndara litakuwa la kwanza kujaa. Uniandikie mmehesabu ngapi.