Wasomaji Wanauliza: Kiingereza Kinanishinda Kwenye Simu

SWALI: Nikiwa na mtu ana kwa ana tunaelewana vizuri kwa Kiingereza. Akinipigia simu, nusu ya maneno yananipita. Shida ni masikio yangu au lugha?

JIBU: Shida kubwa ni simu yenyewe. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3400 tu (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde). Nguvu kubwa ya s na f iko juu ya hapo, hivyo hukatwa njiani. Katika lugha uliyokua nayo, unalijaza pengo bila kujua kwa sababu unahisi neno gani linafuata. Katika lugha ya kigeni uwezo huo ni mdogo, na midomo ya msemaji huioni.

Basi anza na sauti. Vaa vipokea sauti vya masikioni, pande zote mbili, wala usiweke spika kwa sababu mwangwi wa chumba huchafua maneno. Mkiweza, pigianeni kwa intaneti. Sauti huko kwa kawaida ni pana zaidi, na s husikika.

Majina yataje herufi kwa herufi kwa alfabeti ya marubani: Alfa kwa A, Bravo kwa B, Charlie kwa C. Iliwekwa kwa ajili hiyo hasa, maana B, D, P na T za Kiingereza zinafanana mno simuni.

Tarakimu ndizo hatari kuliko yote. 13 na 30 kwa Kiingereza hutenganishwa na mkazo na n hafifu ya mwisho, usikubali ulichosikia, rudia wewe tarakimu moja moja: “moja, tatu?” Kijerumani kina mtego wake: 25 hutamkwa “tano na ishirini”, na anayeandika kadiri anavyosikia huishia na 52. Subiri namba iishe ndipo uandike.

Usiombe tu “rudia tafadhali”. Mara nyingi utarudishiwa sentensi ileile, kwa kasi ileile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Taja ulichopata na uulize kilichokosekana: “Umesema Jumanne, saa ngapi?” Na tunakusihi, usiitikie “ndiyo” kwa jambo usilolielewa. Huenda ndiyo hiyo imekubali bei au tarehe.

SWALI: Na nikipigiwa ghafla, sijajiandaa?

JIBU: Uliza jina na jambo lenyewe, kisha sema utapiga baada ya dakika 10. Hakuna utovu wa adabu hapo. Katika dakika hizo andika sentensi yako ya kwanza, maneno matano au sita ya jambo hilo, na sentensi ya kumwomba aseme polepole. Hiyo ya mwisho iandike neno kwa neno, maana ukibabaika ndiyo hupotea kwanza. Kabla ya kukata simu, omba tarehe, kiasi na anwani akutumie kwa ujumbe wa maandishi.